phyphox na pendulamu: namba ya haraka, na kile ambacho grafu ndo ilituonyesha

Nimeitumia phyphox muda wa kutosha sasa kufundishia fizikia ya sekondari, na kwa kuwa watu huwa wananiuliza kama inafaa kweli au ni mapambo tu, ngoja niandike vizuri. Ni apu ya bure, haina matangazo, ilitengenezwa pale Chuo Kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani na ilitoka 2016, ipo ya Android na ya iPhone. Inachofanya ni kuvisoma vihisi ambavyo tayari vimo ndani ya simu yako, kile cha mchapuko, cha mzunguko, cha sumaku, maikrofoni, mpaka cha mgandamizo wa hewa kama simu inacho, halafu inakuchorea grafu papo hapo na unaweza kuitoa data yote kama faili la CSV au la Excel ukaichambue mwenyewe.

Nisizunguke, apu naipenda. Ila kuna jambo moja nataka lieleweke kabla hujamkabidhi mwanafunzi, na litaeleweka vizuri kupitia jaribio la pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, kwa sababu ndo nililolifanya mara nyingi na namba zake ninazo hapa.

Tulichofanya: simu tuliiweka kwenye kifuko cha kitambaa, kifuko kikafungwa kwa nyuzi mbili (uzi mmoja haufai kabisa, simu inazunguka zunguka na kihisi kinasoma ule mzunguko pia), tukaivuta pembeni kidogo, chini ya digrii 10, tukaachia. Usivute sana jamani. Ukifika digrii 30 muda wa mbembeo mmoja, yaani kwenda na kurudi, unaongezeka karibu asilimia 1.7 na hapo kanuni ya kawaida ya darasani inaanza kukudanganya bila wewe kujua. Kwenye apu kuna jaribio limeandaliwa tayari kwa ajili ya pendulamu, linatumia kihisi cha mzunguko, yaani jairoskopu, unabonyeza kuanza na unaona wimbi safi linapanda na kushuka. Muda wa mbembeo haiupati kwa kuhesabu vilele, inachukua lile wimbi na kulilinganisha na nakala yake iliyosogezwa mbele kidogo kidogo mpaka vifanane tena, na umbali huo wa kusogeza ndo muda wenyewe. Mimi hapa naipa maksi zote. Saa ya mkononi na kidole cha mtu haviwezi kukupa utulivu wa namna hii, unarudia mara tatu na unapata namba ile ile hadi sehemu ya mia ya sekunde.

Kitu kingine kizuri sana ni kuiendesha simu kutoka kwenye kompyuta. Unawasha hiyo sehemu, unafungua kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao huo huo, na grafu inatokea pale wakati simu inaendelea kubembea, darasa zima linaona na hakuna anayeigusa simu. Zima tu simu zinazoingia na ujumbe, maana mtetemo wa simu ikipigwa katikati ya kipimo unaonekana kabisa kwenye wimbi.

Sasa tuje kwenye penyewe. Kwenye jaribio hilo hilo kuna ukurasa ambapo unaingiza urefu wa pendulamu na apu inakupa g moja kwa moja, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, ambao darasani tunauchukua kuwa 9.81. Vijana wakapima uzi sentimita 60, wakaingiza, namba ikaja 8.70. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hii apu haiko sawa." Nikamwambia apu imepiga hesabu sahihi kabisa kwa urefu ulioipa, kwa hiyo tuuangalie huo urefu. Ila sikumwambia zaidi ya hapo, nikawaambia wabadilishe urefu mara tano na wachore grafu kwanza.

Namba ndo hizi, urefu wa uzi hadi kwenye fundo la kifuko na muda wa mbembeo mmoja: sentimita 30 sekunde 1.24, sentimita 45 sekunde 1.46, sentimita 60 sekunde 1.65, sentimita 75 sekunde 1.83, sentimita 90 sekunde 1.99.

Kitu cha kwanza karibu kila mwanafunzi anafanya ni kukokotoa g kwa kila mstari wa jedwali halafu anachukua wastani. Ukifanya hivyo unapata 7.70, 8.33, 8.70, 8.84 na 8.97, wastani 8.51. Wengi wanaishia hapo na kuandika "tofauti imesababishwa na makosa ya kibinadamu na upepo". Hii sentensi mimi naikataa kila nikiikuta. Hebu ziangalie hizo namba tano tena, hazijatawanyika hovyo, zinapanda tu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, uzi mfupi unakosea sana na mrefu unakosea kidogo, na upepo hauna tabia hiyo. Kitu kinachoumiza urefu mfupi kuliko mrefu ni kiasi kile kile cha urefu ambacho umekisahau kila mara, na wastani unakizika hapo hapo, ukisharundika zote tano pamoja hukioni tena.

Kwenye grafu kinaonekana. Kanuni inasema muda ukiuzidisha kwa wenyewe, T ya mraba, unakwenda sambamba na urefu, na mteremko wa mstari ni 4 mara pai ya mraba gawa kwa g. Kwa hiyo mhimili mlalo weka urefu kwa mita, mhimili wima weka T ya mraba, yaani 1.54, 2.13, 2.72, 3.35 na 3.96. Nukta zinakaa kwenye mstari mnyoofu vizuri mno. Mteremko ni 4.04, ukigawa 39.48 (ndo hiyo 4 mara pai ya mraba) kwa huo mteremko unapata g ya 9.77. Kutoka 8.51 hadi 9.77 kwa vipimo vile vile, hakuna kilichorudiwa kupimwa! Halafu ukiurefusha mstari kurudi nyuma haupiti kwenye sifuri, unaukata mhimili wima kwenye 0.315 hivi. Hiyo 0.315 ukiigawa kwa mteremko unapata mita 0.078, karibu sentimita 8, na hicho ndo kipande cha urefu kilichosahaulika. Yule kijana aliyelaumu apu akachukua rula akaipima mwenyewe kutoka kwenye fundo hadi katikati ya simu ndani ya kifuko, sentimita 8 kasoro kidogo. Alinyamaza akaangalia rula, akaangalia grafu, akasema "kumbe ilikuwa inatuambia". Kwa mimi somo zima lilikuwa pale.

Ndo maana ule ukurasa wa apu wa kutoa g moja kwa moja nauacha mpaka mwisho. Haujakosea, ila kipimo kimoja hakina uwezo wa kukuambia kwamba urefu wako una kasoro, vipimo vitano kwenye grafu vinao.

Na hapa niseme kuhusu kulazimisha mstari upite kwenye sifuri, maana programu za majedwali zina kisanduku cha kuweka tiki tu na watoto wanapenda kukitiki kwa sababu "kanuni inasema urefu sifuri muda sifuri". Kwa data yetu ukikitiki mteremko unaruka hadi 4.51 na g inaanguka 8.76. Ile taarifa yote ya sentimita 8 umeifuta kwa tiki moja. Mstari uache uende nukta zinakouelekeza, kama haupiti kwenye sifuri uliza kwa nini.

Upande wa kuchambua data baada ya kuitoa kwenye apu, programu yoyote ya majedwali inatosha, ila kuna mtego mmoja umewameza wanafunzi wangu wengi. Kwenye aina za chati kuna ya "laini" na kuna ya nukta za XY. Mtu akisikia grafu ya mstari anachagua laini, inaonekana nzuri tu, nukta tano na mstari unapanda, ila chati ya laini haiusomi urefu kama namba, inaichukulia kama majina, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukiomba mlinganyo wa mstari inahesabu mlalo kama 1, 2, 3, 4, 5. Kuna binti aliniletea mteremko 0.606 na g ya 65, amepiga hesabu zote sawa, alikuwa amelia kabisa. Tukabadilisha chati kuwa ya XY bila kugusa namba hata moja ikawa 4.04. Tangu hapo kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye grafu ya mwanafunzi ni mhimili mlalo, namba zake zina nafasi kulingana na thamani au zimepangwa tu kama watu kwenye foleni.

Mtego wa pili ni ile R ya mraba, namba ambayo programu inakupa kuonyesha nukta zimekaa karibu kiasi gani na mstari, 1 ikiwa ni kamili. Wanafunzi wanaiamini kupita kiasi, ikiwa 0.99 wanafunga daftari. Jaribu hivi, chora T yenyewe bila mraba dhidi ya urefu na omba mstari mnyoofu, R ya mraba inakuja 0.996. Inavutia eeh? Ila huo mstari siyo sahihi. Angalia kila nukta iko umbali gani kutoka kwenye mstari, ya kwanza iko chini kwa 0.020, ya pili juu 0.013, ya tatu juu 0.016, ya nne juu 0.009, ya tano chini 0.018. Chini, juu, juu, juu, chini, hilo ni pinde linalojificha, na muda wenyewe tunausoma hadi 0.01 kwa hiyo mikengeuko ya 0.02 pande zote mbili kwa mpangilio huo huwezi kusema ni bahati. Ukiweka T ya mraba mpangilio huo unapotea. Jicho na rula vinaliona hilo pinde haraka kuliko namba moja iliyoandikwa pembeni ya chati.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu, data inatoka kwenye apu, grafu ya kwanza inachorwa kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, kompyuta inakuja baadaye kuhakiki. Skeli iwe ya kusomeka, mraba mkubwa uwe 1 au 2 au 5, siyo 3 wala 7, na nukta zijaze zaidi ya nusu ya karatasi. Nukta weka kwa msalaba mdogo uliochongwa vizuri, siyo doa la kalamu. Rula iwe ya kuona ng'ambo ili uone nukta za chini na za juu kwa pamoja. Na pembetatu ya mteremko iwe kubwa, ichukue pointi zilizo juu ya mstari wenyewe, siyo kuchukua nukta mbili za jedwali, maana ukichukua nukta za jedwali kazi ya kuchora mstari ulikuwa unaifanya ya nini. Halafu chora mstari mkali kuliko wote na mlalo kuliko wote ambao bado unakubalika na nukta, sisi tulipata 4.10 na 3.98, kwa hiyo g yetu ni 9.77 ikiweza kushuka hadi 9.63 au kupanda hadi 9.92. Hapo unaona kabisa kwamba kuandika 9.76818 kama kikokotoo kilivyoonyesha hakuna maana yoyote, vipimo vyetu vya muda vina tarakimu tatu tu. Na 9.81 yenyewe siyo ya kila mahali, kwenye ikweta ni kama 9.78 na kwenye ncha za dunia kama 9.83. Mwaka 1672 mwanaanga Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta ambako g ni ndogo, ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kwa siku ukilinganisha na Paris.

Mapungufu sasa. Siyo kila simu ina jairoskopu, nyingi za bei ya chini hazina, na jaribio la pendulamu kama lilivyo halitakwenda. Simu kuanguka ni hofu ya kweli, weka kitu laini chini na kagua mafundo kila unapobadilisha urefu. Uzi wa kuvutika usitumie. Pia faili la data linalotoka lina safu maelfu za kihisi, mwanafunzi asiyejua anachokitafuta anazama humo, ni bora asome muda kwenye apu na aandike jedwali lake kwa mkono.

Kwa asiye na simu yenye jairoskopu asikate tamaa, jiwe dogo, uzi na saa ya kuhesabia vinatosha. Hesabu mibembeo 20 kwa mkupuo mmoja, kidole kikichelewa sehemu ya tano ya sekunde kosa hilo linagawanywa kwa 20 na linabaki 0.01 tu kwa mbembeo mmoja, ambayo ni sawa na usahihi wa hizo namba zetu tulizozitumia hapa. Pima uzi hadi kwenye fundo makusudi, chora T ya mraba, kisha urefushe mstari nyuma uone kama utakupa nusu ya kimo cha jiwe lako.