Kwani mtoto atajua? Yaliyonikuta Keko na kigari cha kuku

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asimalize bando: msiende. Karakana yenyewe siitaji jina, iko huko Keko kwenye makabati na vitanda, na makabati yao sina neno nayo, dada yangu analo moja mwaka wa ngapi sijui huu na milango bado inafunga. Mimi sikwenda kwa kabati. Nilikwenda kutengenezesha kigari cha mtoto cha kusukuma, na nimerudi na hasira ambazo mpaka leo nikisikia mtu anapiga randa mtaani najikuta nimenuna.

Wa kwangu ana mwaka na nusu, kaanza kutembea juzijuzi, sasa kila kitu ni kusukuma. Kiti anasukuma, ndoo anasukuma, beseni la nguo na nguo zake ndani anasukuma. Nikamchukulia Kariakoo kile kipepeo cha plastiki chenye fimbo, kile ukisukuma mabawa yanapiga paka paka paka, wiki haikuisha bawa likakatika, nikamkuta analitafuna. Basi nikakaa nikakigeuza chini juu nikaangalia kinavyofanya kazi, nikasema mbona hamna kitu humu? Hata kile cha Fisher-Price ambacho Wamarekani wanakiuza tangu 1957, chenye vipira vinavyorukaruka kwenye kibakuli cha kioo cha plastiki, mambo ni yale yale, tairi ndo linafanya kazi yote. Hakuna betri, hakuna nini.

Nikachora changu. Kuku. Ukisukuma anadonoa, na chini kuna sauti tak tak tak. Nilianza kwa boksi la viatu na vijiti vya mishikaki, usiku mtoto akilala, mume wangu ananiangalia tu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa maana ugomvi wote umetokea hapa. Tairi zinatakiwa zigandishwe kwenye ekseli, ili tairi likizunguka na ekseli izunguke. Katikati ya ekseli kuna kiduara cha mbao, na kile kiduara TUNDU LAKE HALIKAI KATIKATI. Linatobolewa pembeni. Kwa hiyo kikizunguka kinakwenda kama kinachechemea, kinapanda kinashuka, na mkia wa kuku umekaa juu yake, mkia ukipanda kichwa kinainama. Ni kemshafti ya gari hiyo hiyo, waulizeni mafundi wa gereji. Mimi tundu nililiweka sentimita 1 nje ya kati, ambayo inakupa kupanda na kushuka sentimita 2, na tairi nikazichora za kipenyo cha sentimita 8, yaani kila mita moja mtoto akitembea kuku anadonoa mara nne. Nilihesabu! Nikaandika kwenye karatasi kwa maka penni nyekundu, na mshale.

Nikaunganisha daladala mbili kutoka Tabata, mvua ile, karatasi nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni. Mzee mwenye karakana akaitazama kama unavyotazama risiti ya mtu mwingine. Elfu arobaini na tano, nitangulize elfu thelathini, njoo baada ya siku nne. Nikaenda baada ya siku nne, bado. Nikaenda tena, bado, umeme umekatika. Mara ya tatu kipo.

Kizuri, sidanganyi. Mbao ya paina imepigwa msasa mpaka inateleza, kuku mwenyewe kanona. Nikakiweka chini nikasukuma. Kuku kimya. Nikasukuma tena, tairi zinazunguka, kuku katulia kama yuko kwenye picha ya pasipoti.

"Fundi, mbona kuku hadonoi?"

"Kikizoea kitadonoa."

Nikakipindua. Jamani. Ekseli kaipigilia misumari, haizunguki, tairi zinazunguka peke yake. Na kile kiduara tundu lipo katikati, katikati kabisa, kapima na rula. Namuuliza na mchoro wangu je, anasema dada ulikosea, tundu linakaa katikati, nikakurekebishia. NIKAKUREKEBISHIA. Af kwenye macho ya kuku kaweka misumari midogo ya kichwa, ile ikilegea tu iko mdomoni kwa mtoto. Mtoto chini ya miaka mitatu kitu chochote kinachopita kwenye lile boksi la katikati ya toilet pepa hapewi, hilo wazazi wenzangu mnalijua, nilimwambia kwa mdomo wangu macho asiweke kitu cha kubandika.

Nikaanza kumweleza taratibu, shikamoo yangu nimeshatoa, sauti sijapandisha. Yeye anakula muhogo. Akanikata katikati, akasema dada mimi natengenezea watu wakubwa makabati, hiki kikuku ndo kinitie aibu? Kina tairi, kinasukumwa, kina kuku. Kwani mtoto atajua?

Wale vijana wa msasa wakacheka. Nikalipa bodaboda nikaondoka nacho, machozi karibu.

Mtoto alijua, nawaambieni. Nilimwekea sebuleni, akakishika fimbo akasukuma hatua tatu akasimama. Akainama akamtazama yule kuku usoni. Akasukuma tena kidogo, akainama tena, anamsubiri. Yule si alishazoea kipepeo, anajua ukisukuma kitu kinatakiwa kijibu! Akakiacha akaenda kwenye ndoo yake.

Kwa hiyo nyota sifuri. Ingekuwa hapa ndo mwisho ningefunga.

Ila kuna dogo mmoja pale karakana, mmoja wa wale waliocheka, usiku akanipigia. Namba kaitoa kwenye karatasi yangu. Anasema dada leta Jumapili mzee hayupo, mimi nimeuelewa ule mchoro. Nikasita, nauli tena, ila nikaenda. Dogo akang'oa misumari yote, macho akayachoma kwa msumari wa moto yakatoka meusi mazuri. Kiduara akakata kipya cha mninga kutoka kwenye vipande vya kutupa, anasema paina ni laini, italika. Tundu pembeni. Tairi akazigandisha kwa gundi na kijiti kimepita katikati, ekseli akaisugua mshumaa isilie.

Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: na mimi nilikosea. Gurudumu la sauti nililichora meno ya kulala upande mmoja kama ya msumeno, na ulimi wa mbao unaoyagonga. Dogo akaniuliza, mtoto akikivuta kurudi nyuma je? Kimyaa. Kingekwama au ulimi ungevunjika siku ya kwanza, maana watoto kurudi nyuma ndo kwao. Akayafanya ya mviringo pande zote mbili. Tena tulipokijaribu kwenye tailizi za ofisi ya jirani tairi zikawa zinaburuzika tu bila kuzunguka, akakata tyubu ya baiskeli akazivisha kama raba bendi, ikakamata. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo, mimi na hesabu zangu.

Kuku anadonoa. Meno ni nane, kwa hiyo kila mita ni makofi 32, na hili nalo sikuwa nimeliwaza, saa kumi na mbili asubuhi kwenye nyumba ya kupanga. Mama wa chumba cha pili hanisalimii vizuri siku hizi.

Dogo nilimtumia elfu kumi na tano kwenye simu, ile iliyobaki. Mzee akajua, akanipigia kwa ukali anasema deni lake bado liko pale pale, dogo katumia mbao zake na msasa wake. Nimekataa. Sijui, labda kwenye mbao ana haki, lakini nimekataa.

Basi nikasema nyota tatu, mbili na nusu za dogo, nusu ya makabati. Nilikuwa nimeshaandika hivyo.

Juzi kati nimepita pale na daladala, foleni imesimama, nachungulia dirishani naona mlangoni kwa mzee wamening'inizwa kuku watatu wenye fimbo, wamepakwa na rangi nyekundu. Nikashuka, sikufika hata kituoni. Nikamgeuza mmoja chini juu: tundu liko pembeni. Nauliza bei, mzee hakunikumbuka au kajifanya, ananiambia elfu sitini dada, hiyo ni dizaini yetu wenyewe, sukuma uone anavyodonoa.