Hank Williams: ipi bora, akiimba na mwanawe tu, au na mjukuu pia?

Hank Williams, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, alifariki 1 Januari 1953, mwanawe Hank Jr. akiwa na miaka mitatu. Wimbo wao wa pamoja, "There's a Tear in My Beer" wa 1989, ulitokana na rekodi ya majaribio: sauti ya baba na gitaa lake, basi. Nafasi ilikuwa tele; mtoto na bendi wakaingia bila kumsukuma mzee. Kwenye video wamesimama pamoja, midomo ya marehemu imerekebishwa ifuate maneno.

Albamu ya "Three Hanks", 1996, ikamwongeza mjukuu, Hank III. Huyo ana ile sauti nyembamba ya puani ya babu yake, mpaka mwili unasisimka. Ila watatu kupokezana wimbo mmoja, mh, ni msongamano. Mimi nachukua ule wa 1989.