Uzoefu wangu: kutembelea nyumba za Waminangkabau, Sumatra Magharibi

Kama unaenda Indonesia na kila mtu anakuimbia Bali, mi nakwambia panda ndege mpaka mji wa Padang, kodi gari na dereva mzaliwa wa huko akupeleke bara kwa Waminangkabau, kabila la huko Sumatra Magharibi. Hela yangu ilienda kihalali kabisa.

Ziara nyingi zinaanzia Istano Basa Pagaruyung, karibu na mji wa Batusangkar. Ni jumba la kifalme la ghorofa 3, paa jeusi la nyuzi za mti jamii ya mnazi, ncha zimepinda juu kama pembe za nyati. Radi ililiunguza 2007 likajengwa upya, kwa hiyo ni makumbusho, watu kibao wanakodi nguo za kienyeji wanapiga picha. Zuri, ila usiishie hapo jamani!

Mwambie dereva akupeleke kijijini kwenye rumah gadang, yaani nyumba kubwa ya jadi ya ukoo, ambayo watu bado wanaishi. Sisi alitukaribisha mama mwenye nyumba, na nasema mwenye nyumba kweli kweli, maana huko nyumba na mashamba vinarithiwa upande wa mama, mume ndo anahamia kwa mke, na hawa ni Waislamu wa swala tano (watu wa Ngazidja kule Komoro mtaelewa haraka, kwenu pia nyumba ni ya mke). Vyumba vya nyuma ni vya mabinti walioolewa, vijana wa kiume zamani walikuwa wanalala surau, yaani msikiti mdogo wa ukoo, alafu wakikua wanaenda merantau, kutafuta maisha mbali, ndo maana migahawa ya Padang imejaa Indonesia nzima. Nguzo hazijachimbiwa chini, zimekaa juu ya mawe, tetemeko likipita nyumba inayumba tu inatulia. Kuta zote zimechongwa maua na kupakwa rangi, mi nilikaa naangalia mpaka wenzangu wakaniita. Nje kuna rangkiang, maghala ya mpunga yenye paa la pembe vilevile.

Nisichopenda ni ratiba ya kampuni tuliyokodi, walibana kila kitu kwenye siku moja, mji wa Bukittinggi tukafika giza limeingia, bonde la Sianok hatukuona kitu, tukaambulia mnara wa saa wa Jam Gadang wa 1926. We lala Bukittinggi, asubuhi ushuke bondeni.

Rendang kuleni huko huko, nyama inapikwa kwa tui masaa na masaa mpaka inakauka nyeusi. Na mafuta ya gari mkubaliane mapema kama yamo kwenye bei, viatu mnavua mlangoni.