Culture Musical Club ya Zanzibar, ukumbini na harusini

Kati ya okestra za taarab asilia za Zanzibar, Culture Musical Club, au Mila na Utamaduni, si kongwe kuliko zote, kwa kuwa Ikhwani Safaa iliundwa tangu mwaka 1905. Culture ilianza mwaka 1958 ikiwa kikundi cha vijana wa Afro-Shirazi Party, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa chini ya wizara iliyosimamia utamaduni. Asili hiyo si jambo dogo. Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa kasri, Sultani Barghash alipovutiwa na muziki wa Misri, ilhali Culture ilizaliwa katika harakati za watu wa kawaida, na mpaka leo hilo linasikika katika upigaji wake.

Anayetaka kuusikia ufundi wao bila maneno na aanze na albamu yao iitwayo Bashraf, yenye vipande vya ala tupu vijulikanavyo kwa jina hilo hilo. Fidla zote huenda na sauti moja, lakini kila mpigaji huipamba kidogo kwa namna yake, akodiani ikizibeba kwa chini, na ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, ikiingia katika nafasi ambazo wengine wameziacha. Ganuni yenyewe ina nyuzi zaidi ya sabini, na mwenye kufika ukumbini mapema atamwona mpigaji amekiinamia chombo chake, akikaza na kulegeza nyuzi moja baada ya nyingine huku wenzake wakiendelea na mazungumzo. Mpigaji aliyewafanya wengi waipende ala hiyo ni Rajab Suleiman, ambaye baadaye aliunda pia kikundi chake, Kithara.

Hata hivyo, naona albamu hiyo inatoa nusu tu ya okestra. Nusu ya pili imo harusini, ambako mwanamke huinuka kitini pole pole, noti ikiwa imekunjwa mkononi, akacheza hadi mbele ya mwimbaji na kumtuza katika ule ubeti hasa anaotaka umfikie mtu fulani aliyeketi upande wa pili. Mwimbaji huurudia ubeti, waitikiaji wakampokea, na wapigaji wote hulazimika kumfuata bila kupoteza mwendo. Hayo hayamo katika kurekodi, na mgeni aliyeketi kimya katika tamasha hawezi kuyaona, hata wapigaji wawe wamepiga vizuri namna gani.

Bora zaidi ni kwamba baadhi ya wapigaji hao hao, wakiongozwa na Makame Faki, walirekodi kidumbak, muziki wa ngoma wa mtaani, kwa jina la Kidumbak Kalcha katika albamu iitwayo Ng'ambo. Hapa hakuna ganuni wala udi, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo: ni fidla moja, sanduku la besi, ngoma mbili ndogo, vijiti vya kugonganisha viitwavyo mkwasa na manyanga yaitwayo cherewa, muziki wa uwanjani wa kuchezesha watu hadi jasho liwatoke. Sijui okestra nyingi ambazo wapigaji wake huweza kutoka kwenye bashraf yenye utaratibu mkali wakaingia katika ngoma ya mtaani bila kuonekana wameshuka daraja, na kwa maoni yangu huo ndio mchango wao mkubwa kwa jamii yao.

Tishio halisi ni gharama. Tangu miaka ya 1990, taarab ya kisasa imeonyesha kwamba kinanda kimoja cha umeme kinaweza kushika nafasi ya safu nzima ya fidla, na mwenye harusi anayehesabu fedha zake hawezi kulaumiwa kwa kuchagua watu wachache badala ya ishirini na zaidi. Spika nazo huharibu: katika ukumbi mmoja wa mjini niliwahi kusikiliza taarab ambamo udi ulionekana ukipigwa lakini haukusikika kabisa. Kwa hiyo, mwenye uwezo wa kualika okestra kamili aulize kwanza habari za vipaza sauti, na akipata ukumbi mdogo wenye utulivu asisite kuvipunguza.