Wikiendi katika Hoteli ya Kifahari Bagamoyo: Unalipia Nini Hasa?

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo ninachambua hoteli ya kifahari ya ufukweni hapa Bagamoyo, ambako familia yangu ilikaa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana kwa gharama zetu wenyewe, bila mwaliko wa mwenye hoteli na bila punguzo lolote la bei. Jina la hoteli sitalitaja, kwa sababu karibu kila nitakalolieleza linahusu hoteli nyingi zilizopangana kwenye ufukwe huu, na ninachotaka ni uweze kuipima yoyote kati ya hizo kabla hujatuma fedha yako.

Nianze na bahari, kwa kuwa ndiyo inayowapeleka wengi huko, na ndiyo inayozua manung'uniko kuliko kitu kingine chochote. Picha za matangazo huonyesha maji yaliyojaa hadi karibu na viti vya kupumzikia, na mgeni huamini kwamba ndivyo atakavyoyakuta kila akifungua pazia. Ukweli ni kwamba picha hizo zimepigwa kwa saa maalumu. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na kwa kuwa ufukwe wa Bagamoyo umelala karibu tambarare, kimo hicho hugeuka kuwa mamia ya mita za mchanga na tope pale bahari inapojivuta. Ukishuka ufukweni saa nne asubuhi wakati wa bamvua utakuta ngalawa zimelala ubavu, kina mama wameinama wakiokota chaza, na bahari yenyewe iko kule mbali kabisa.

Jambo hili si kasoro ya hoteli, na linajulikana mapema. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Katika siku hizo maji ya hapa hujaa takriban saa kumi alasiri na hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja hivi, mwezi ukiwa nusu, huingia maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haipandi sana, na maji hujaa mapema mchana, saa ambazo watoto wanataka kuogelea. Kwa hiyo familia yenye watoto ingefaa iangalie mwezi kwanza, ndipo ichague wikiendi.

Hapo ndipo ninapoanza kuihukumu hoteli yenyewe. Hoteli inayomjali mgeni wake huandika saa za maji kujaa na kupwa kwenye ubao wa mapokezi, au humweleza mgeni kwa simu anapoulizia nafasi. Sisi hatukuambiwa lolote. Jumamosi asubuhi watoto walitoka na taulo mabegani, wakasimama kwenye ngazi za ufukweni wakiutazama mchanga mtupu. Aliyetusaidia ni mzee mlinzi wa upande wa baharini. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akanyoosha mkono kuelekea upeo wa macho, akasema, "Leo bamvua, mwanangu. Waache wacheze hapa mchangani kwanza; maji yataanza kurudi saa saba, ikifika alasiri yatakuwa yanagonga hizi ngazi. Ila wavae yeboyebo, magamba ya chaza yanakata." Ikawa kama alivyosema. Saa kumi mawimbi madogo yalikuwa yakilamba ngazi ya chini, na watoto waliogelea hadi wakachoka. Maelezo yale ya mzee yalikuwa huduma bora kuliko zote tulizozipata Jumamosi ile, na ninaisihi menejimenti ya kila hoteli ya huko iyahamishie mapokezi, kwa sababu haiwagharimu chochote.

Kuhusu rangi ya maji, niseme waziwazi ili asije mtu akasafiri na matarajio ya Zanzibar. Kaskazini kidogo ya mji, Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini pamoja na udongo uliotoka bara, na mwambao huu una mikoko inayoshika tope. Ndiyo maana maji ya Bagamoyo huwa na rangi ya kijivu au kahawia, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei. Si maji machafu kwa sababu ya rangi hiyo. Ni bahari iliyo jirani na mto mkubwa. Kadhalika, ufukwe huu unatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma yako, bara. Tangazo linalokuahidi machweo juu ya bahari likiwa la Bagamoyo, litilie shaka pamoja na mengine yote yaliyoandikwa humo.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye jengo lililoezekwa makuti, na nilikipenda kwa mambo mengi. Kitanda kilikuwa kipana cha mbao ngumu, shuka zilikuwa nyeupe na zilizonyooka, na chandarua kilitosha kuzunguka kitanda chote bila kukigusa, jambo ambalo hoteli nyingi hukosea kwa kufunga chandarua kifupi kinachoning'inia juu ya mito. Kibaraza kilielekea baharini, na kuanzia alasiri kilikuwa kivulini na upepo ukipita vizuri. Asubuhi, hata hivyo, jua lilikipiga moja kwa moja, kwa hiyo mwenye kupenda kunywa chai nje ni lazima adamke.

Kasoro za chumba zilitokana na chumvi. Hewa ya bahari haina huruma na chuma, na hoteli ya ufukweni hupimwa kwa namna inavyopigana na kutu kila wiki. Bawaba za mlango wa kibaraza zilikuwa zimeanza kulika, kitasa cha bafuni kiligoma mpaka ukinyanyue kidogo, na kiyoyozi kilipoza vizuri lakini kilidondosha maji sakafuni usiku kucha. Maji ya kuoga yalikuwa na ladha ya chumvi kwa mbali na sabuni haikutoa povu la kutosha. Kwa nyumba ya wageni ya bei nafuu nisingeyataja haya. Kwa hoteli iliyotutoza zaidi ya laki tatu kwa usiku mmoja, ni lazima niyataje. Tulipotoa taarifa, fundi alikuja kabla ya saa moja kupita, akasafisha bomba la kiyoyozi na akaomba radhi kwa adabu. Kitasa hakikutengenezwa hadi tunaondoka.

Bwawa la kuogelea lilikuwa safi, maji yake yakionekana hadi chini, na lilituokoa katika zile saa ambazo bahari ilikuwa mbali. Kina cha maji kiliandikwa ukingoni kwa tarakimu kubwa. Lakini asubuhi hapakuwa na mwokoaji, na watoto wa wageni wengine walikuwa wakirukia upande wa kina kirefu bila mtu mzima karibu. Hili silipimi kwa mizani ya starehe. Ni suala la uhai, na hoteli yenye bwawa inapaswa ama kuweka mwokoaji ama kulifunga bwawa mpaka afike.

Sasa chakula, ambapo hoteli hii ilinifurahisha na kunisikitisha siku moja. Kifungua kinywa kilikuwa cha pwani hasa. Mama mmoja alisimama pembeni ya meza na jiko la mkaa, juu yake kikaango cha vitumbua chenye vishimo, akitia kijiko cha mafuta katika kila kishimo kabla ya kumimina uji wa mchele, kisha akivigeuza kimoja kimoja kwa kijiti. Vilitoka na kingo kavu za rangi ya dhahabu na moyo laini, na harufu ya iliki ilisikika tangu mlangoni. Palikuwa na mihogo ya nazi, maharage, matunda ya msimu, na chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi. Sioni kwa nini hoteli yoyote ya huku ihangaike na soseji wakati ina mpishi kama yule.

Chakula cha jioni kilikuwa habari nyingine. Kiliandaliwa kwa mtindo wa bufee, na nguru wa kukaanga alikuwa amekaa juu ya moto wa kupashia hadi akakauka, pembeni yake chipsi zilizolegea. Kwa mji wenye soko la samaki lililo hai, ambapo wavuvi huteremsha samaki wao na mnada huendelea pale pale, mgeni hapaswi kulishwa samaki mkavu. Siku iliyofuata tulibadili utaratibu. Tulimwomba mpishi mapema atuchomee changu na kutupikia wali wa nazi kwa chakula cha mchana. Akaomba tumpe muda, na samaki aliyekuja mezani alikuwa na nyama inayoachana na mfupa kwa kuguswa tu, amepakwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili kidogo. Bei ilikuwa karibu sawa na ya bufee. Agizo langu kwako ni hilo: achana na bufee, zungumza na mpishi asubuhi.

Usiku wa Jumamosi muziki ulipigwa kando ya bwawa kwa spika kubwa hadi baada ya saa sita, na waliopata vyumba vya upande huo hawakulala. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu Bagamoyo ni mji wa sanaa. Hapa ndipo ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na vijana wanaopiga ngoma, marimba na zeze kwa ustadi wapo mtaani. Hoteli ya kifahari ingeweza kuwaalika kwa saa mbili za jioni, ikawalipa vizuri, na wageni wakapata kitu ambacho spika za Dar es Salaam haziwezi kuwapa.

Ukiwa na nusu siku ya ziada, nenda Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo na kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha magofu ya Kaole yaliyo kusini mwa mji. Asubuhi ya maji kupwa ndiyo inayofaa kwa matembezi hayo, kwani baharini huna la kufanya. Pale mapokezi walikuwa tayari kutuitia mwongoza watalii wa mjini mwenye kitambulisho, na kwa hilo ninawapongeza.

Safari yenyewe kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi kwa Barabara ya Bagamoyo, lakini Ijumaa jioni foleni ya Tegeta na Bunju hula muda mwingi kuliko njia yote iliyobaki. Toka kabla ya saa tisa alasiri ukiweza.

Mwisho ni malipo. Uliza kama bei uliyotajiwa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani, kama ni ya chumba au ya mtu, na watoto wanahesabiwaje. Bei itajwe kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, hivyo usikubali kupigiwa hesabu ya dola na kiwango cha kubadilishia kinachobuniwa mezani. Uliza pia malipo ya awali yanarudishwa lini endapo utaahirisha, na majibu yaje kwa maandishi. Kwa bei ile, mimi ningerudi hoteli hii katika wikiendi ya maji mafu kati ya Juni na Septemba, kwa mpango wa kulala na kifungua kinywa pekee, na ningeomba chumba cha ghorofani kilicho mbali na bwawa. Kwa wikiendi ya bamvua, au wakati wa masika, nisingeilipa bei hiyo bila punguzo.