Tiketi za makumbusho ya michezo ughaibuni: nunua kwa kuangalia saa ya kula

Kila likizo za mwisho wa mwaka zinapomalizika, malalamiko ya wasomaji yanayonifikia hufanana kiasi kwamba naweza kuyakisia kabla sijayafungua. Msomaji amelipia tiketi ya makumbusho ya soka au ya Olimpiki wiki kadhaa kabla ya safari, ameingia, amepiga picha na makombe, kisha ametoka saa tisa alasiri huku tumbo likinguruma, na kila mgahawa aliokuwa ameuandika kwenye daftari lake umeshafunga jiko. Mmoja alinitumia picha ya chakula chake cha mchana mjini Zürich: kipande cha mkate wenye jibini, cha baridi, kikiwa bado ndani ya nailoni, kwa bei ambayo Dar es Salaam ingewalisha watu wanne pilau ya kuku na soda juu yake.

Kwa sababu hiyo sitaeleza hapa ni ukumbi upi wenye makombe mengi, wala ni upi wenye michezo ya kompyuta kwa watoto, kwani hayo yamejaa katika kila tangazo. Nimezipanga tiketi hizi kwa kigezo ambacho muuzaji hakitaji hata ukimbana: ukitoka mlangoni saa iliyoandikwa kwenye tiketi yako, utakula wapi chakula cha moto?

Sisi tumezoea kwamba mama lishe ana ubwabwa tangu asubuhi hadi sufuria iishe, na hivyo hatufikirii kwamba jiko linaweza kulala mchana. Uswisi, migahawa mingi ya kawaida huacha kupokea oda za chakula cha moto karibu saa nane mchana na kuanza tena saa kumi na mbili jioni. Hispania mambo yamegeuka: chakula cha mchana huanza saa saba na nusu, kikaendelea hadi saa kumi, na cha usiku hakipatikani kwa raha kabla ya saa mbili na nusu. Maana yake ni kwamba tiketi ya kuingia saa sita mchana, ambayo Madrid inakutoa mlangoni wakati meza ndiyo kwanza zinatandikwa, Uswisi inakuacha na njaa hadi magharibi. Tiketi nyingi siku hizi zimefungwa kwenye saa maalumu, kwa hiyo kosa hilo hulilipii pale mlangoni. Umelilipia tangu siku ulipobonyeza kitufe cha kununua.

Nafasi ya kwanza naipa 3-2-1 Qatar Olympic and Sports Museum ya Doha, na sioni haya kusema kwamba naipendelea. Ilifunguliwa Machi 2022 ikiwa imeshikamana na Uwanja wa Khalifa, uwanja uleule ambamo mwaka 2019 Halimah Nakaayi wa Uganda alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800, Hellen Obiri wa Kenya akatetea taji lake la mita 5,000, na Joshua Cheptegei akashinda mita 10,000. Ina kumbi saba, na ule wa Olimpiki una safu ya mienge inayoanzia ule wa Berlin wa 1936. Ukiitazama kwa karibu unaona jinsi kila mji mwenyeji ulivyohangaika kuupita uliotangulia kwa umbo na madini. Hata hivyo, kilichoipandisha juu katika orodha yangu ni treni. Kituo cha Sport City, kilicho jirani na makumbusho, na kituo cha Souq Waqif, soko kongwe la Doha, viko kwenye reli moja ya metro, ile ya dhahabu, kwa hiyo unakwenda moja kwa moja bila kubadilisha treni, kwa nauli ya riyali 2.

Souq Waqif haina saa ya jiko kulala. Maduka ya vitambaa na viungo hupumzika mchana, lakini chakula kipo tangu kifungua kinywa hadi usiku wa manane. Shay Al Shomous, mgahawa maarufu wa vyakula vya kienyeji, hutoa balaleet, yaani tambi tamu zenye iliki zilizofunikwa kwa mayai, na mkate mwembamba wa regag unaopakwa jibini juu ya bamba la moto mpaka kingo zinavunjika kama karatasi. Mtu wa Mombasa au Unguja hatapotea hapo: kuna machboos, yaani wali wa viungo, wa nyama ya mbuzi, harees ambayo nyumbani angeiita bokoboko, na kaimati zinazochovywa shira mbele yako. Angalia mambo mawili tu. Ijumaa makumbusho hufunguliwa mchana, baada ya swala, na mwezi wa Ramadhani mpangilio mzima wa kula hugeuka, hivyo chagua tiketi ya alasiri ili utoke karibu na futari.

Ya pili ni Deutsches Fußballmuseum ya Dortmund, iliyofunguliwa mwaka 2015 mkabala na kituo kikuu cha treni. Wajerumani wameijenga kwa ajili ya timu yao ya taifa na hawafichi hilo. Usinunue tiketi ya Jumatatu, kwani siku hiyo hufungwa. Chakula kinachosifiwa katika vitabu vya watalii ni soseji iliyokatwakatwa na kumwagiwa mchuzi wa nyanya wenye bizari, lakini mara nyingi ni ya nguruwe, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Mimi ningekushauri upite upande wa pili wa kituo uingie Münsterstraße, mtaa wa Waturuki na Waarabu, ambako nyama huchomwa na mikate hupikwa mchana kutwa bila mtu kutazama saa.

National Football Museum ya Manchester naiweka ya tatu, na ingekuwa ya pili kama chakula kizuri kingekuwa karibu zaidi. Ilihamia katikati ya jiji kutoka Preston mwaka 2012, ina mpira uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia la 1966, na ina sanamu ya Lily Parr, iliyozinduliwa mwaka 2019 na kuwa ya kwanza ya mwanasoka wa kike nchini Uingereza. Ukimaliza, panda basi hadi Rusholme, kwenye Curry Mile, ambako migahawa ya Kipakistani, ya Kiarabu na ya Kiafghani imepangana pande zote mbili za barabara na nyingi huuza nyama halali hadi usiku sana. Biriani hapo huliwa saa kumi alasiri bila mtu kukushangaa.

Uswisi nimeziweka mbili pamoja kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja. Makumbusho ya Olimpiki ya Lausanne yana mandhari ambayo hakuna nyingine kwenye orodha hii inayoyafikia, na karibu na ziwa huko Ouchy utapata minofu ya sangara wadogo iliyokaangwa kwa siagi, ikaletwa na ndimu na chipsi. Ingia mlango unapofunguliwa asubuhi, utoke kabla ya saa saba, vinginevyo minofu hiyo utaisoma kwenye ubao. Wageni wa hoteli za mji huo hupewa kadi ya usafiri wa bure, kwa hiyo usikubali kuuziwa kifurushi chenye nauli ndani yake. Makumbusho ya FIFA ya Zürich, yaliyoanza mwaka 2016 mbele ya kituo cha Enge, yana Kombe la Dunia lenyewe, lakini ukichelewa kutoka umebakiwa na soseji za Sternen Grill pale Bellevue, ambazo ni tamu kweli ingawa utazisimamia foleni, au na mgahawa wowote uliobandika maneno durchgehend warme Küche, yaani jiko halizimwi mchana.

Ziara za viwanja vya klabu kubwa nimezishusha chini kabisa. Old Trafford haitembezi wageni siku ya mechi, Camp Nou ilianza kujengwa upya mwaka 2023, na viwanja vingi viko mbali na mitaa yenye chakula cha maana. Mwenye fedha kidogo atembee bustani ya makumbusho ya Lausanne, ambayo haina kiingilio na ina sanamu ya Paavo Nurmi, mkimbiaji wa Finland.

Nimebakiza wauzaji. Kuna mawakala hapa kwetu wanaouza tiketi ya kuruka foleni kwa makumbusho ambayo katikati ya juma hayana foleni, wanapandisha bei kwa kisingizio cha kubadilisha fedha, kisha kwenye risiti wanaandika tarehe bila saa. Ukifika, unakuta umepangiwa saa nane unusu, muda ambao wenzako wote wameukwepa. Ukiomba ibadilishwe, wakala anakuelekeza kwa makumbusho, nayo makumbusho yanakurudisha kwa wakala, na fedha hairudi. Tovuti ya makumbusho yenyewe hukuonyesha saa zilizobaki kabla hujalipa. Wakala akitaka umlipe zaidi ya bei ya hapo, mwambie kwanza akuandikie saa ya kuingia, na kama hawezi, usitoe kadi yako.