The Wizard of Oz: mlango ule nimeurudia mara tatu

Nakala ya kwanza niliyoitazama, miaka ya nyuma, ilikuwa ya kudurufu, rangi zimepauka kama kanga iliyoanikwa juani mwezi mzima. Sikuona cha ajabu. Juzi nimeitazama iliyosafishwa, nikiwa na binti yangu wa miaka minane, na sasa naielewa filamu hii ya mwaka 1939.

Mwanzoni, kule Kansas, kila kitu kina rangi ya udongo: shamba, nguo, hata uso wa Shangazi Em. Kimbunga kinaing'oa nyumba na kuibwaga mbali. Dorothy, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anashika kitasa, anafungua mlango, na nje ni rangi tupu, maua mekundu, maji ya buluu, njia ya matofali ya manjano. Binti yangu akanishika mkono: "Mama, imeingia rangi!"

Nilirudisha nyuma mara tatu. Chumba kilipakwa rangi ya kahawia, na anayefungua mlango, mgongo kwetu, ni msichana mwingine aliyevalishwa gauni la kahawia. Anasogea pembeni, na Judy Garland, anayeigiza Dorothy, anapita akiwa na gauni lake la buluu. Hakuna kompyuta hapo. Ni brashi na fundi cherehani!

Garland alikuwa na miaka 16. "Over the Rainbow" anauimba uani, na mbwa wake Toto karibu, bila kupaza sauti, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Wimbo huo nusura ukatwe, kisha ukapata Oscar. Mimi ulinitoa machozi.

Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, viatu vya Dorothy ni vya fedha. Filamu imevigeuza vya yakuti nyekundu ili rangi ionekane, nami nasema walifanya vema. Tazama vinavyong'aa juu ya yale matofali.

Wenye watoto wadogo wajihadhari na nyani wenye mabawa. Wangu alijifunika kanga hadi walipopita. Nakala yangu haina tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa mkalimani muda wote, na mizaha ya Simba mwoga ilipotea njiani.

Zimeni taa, na msiruke sehemu ya Kansas. Mtoto akilalamika kwamba haina rangi, mwambie asubiri, ila usimwambie anasubiri nini.